Ameanguka, au amembaka? Maswali ya wasomaji kuhusu matangazo ya kanisa

Barua tatu zilizotufikia kutoka Bukavu, mji ulio mashariki mwa Kongo, zinahusu jambo moja, yaani maneno ambayo makanisa huyatumia kiongozi wao anaposhutumiwa kubaka, nasi tumeamua kuzijibu pamoja. Tumeondoa majina ya watu na ya makanisa ili kuwalinda walioandika.

Swali la kwanza, kutoka Kadutu

Mimi ni mama wa watoto watano, na nimesali katika kanisa letu la uamsho kwa miaka 14. Mwezi uliopita binti wa jirani yangu, mwenye miaka 16, mwimbaji wa korali, alimwambia mama yake kwamba kiongozi wa vijana alimlazimisha kulala naye baada ya mazoezi ya jioni, na si mara moja. Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alisoma tangazo hili: "Wapendwa, ibilisi amelishambulia kanisa letu. Kumetokea jambo la kusikitisha kati ya ndugu yetu na dada yetu mmoja. Ndugu yetu ameanguka, ametubu kwa machozi, nasi tumemsamehe. Tunawasihi msilizungumze nje, maana adui anatafuta kulichafua jina la Bwana. Msiwaguse masihi wa Bwana." Watu walisema amina, wengine wakapiga makofi. Mimi sikusema amina, lakini nilishindwa kueleza kilichonisumbua, kwa sababu karibu kila neno lilikuwa la Biblia. Je, nimepungukiwa na imani?

Jibu

Hapana, Mama. Kilichokuzuia kusema amina kimo ndani ya maneno yenyewe, na mtu anaweza kukionyesha kwa kidole.

Tangazo lilianza kwa kusema kwamba ibilisi amelishambulia kanisa. Katika sentensi hiyo anayetenda ni ibilisi na anayetendewa ni kanisa. Yule mwanamume hayumo, na yule binti hayumo. Kisha ikasemwa "kumetokea jambo", kana kwamba jambo hilo lilikuja lenyewe, kama udongo unavyoporomokea nyumba za Kadutu wakati wa mvua. Kisha likaja neno "ameanguka". Lugha yetu inamhurumia mtu aliyeanguka: tukimwona mtoto ameanguka tunakimbia kumwinua na kumpangusa vumbi, wala hatumwulizi amemwumiza nani. Kwa kulichagua neno hilo, wazee walimgeuza aliyeumiza kuwa aliyeumia, na huruma ya kanisa zima ikamwendea yeye, ilhali binti alikuwa amekaa nyumbani na mama yake, na nadhani hakuna mzee hata mmoja aliyepiga hodi kwao juma hilo.

Neno ninaloliona kuwa baya kuliko yote ni dogo sana, nalo ni "kati ya". Kiswahili kina njia yake ya kuonyesha kwamba watu wawili wanatendeana jambo: tunasema walipendana, walijuana, walikoseana. Kubaka hakuingii katika njia hiyo, kwa sababu anayebaka ni mmoja na anayebakwa ni mwingine. Lakini mara tu mtu anaposema kwamba jambo lilitokea kati yao, au kwamba walianguka pamoja, amekwisha kumketisha binti kwenye kiti cha mshtakiwa. Ndiyo maana baada ya tangazo la namna hii minong'ono hufuata haraka: kwamba ana roho ya Yezebeli, kwamba ana mume wa usiku, yaani pepo anayelala naye, kwamba inafaa afunge siku tatu ili akemewe. Kufunga huko kunawekwa juu ya mtoto aliyetendewa, na yule aliyemtendea anaandaliwa kurudi mimbarani.

Usidhani, Mama, kwamba maneno haya yalibuniwa Bukavu. Southern Baptist Convention ndio ushirika mkubwa kuliko yote wa makanisa ya Kiprotestanti nchini Marekani. Mwezi wa Februari 2019 magazeti mawili ya Texas, Houston Chronicle na San Antonio Express-News, yalichapisha uchunguzi uliowahesabu viongozi na watumishi wa kujitolea wapatao 380 walioshutumiwa katika makanisa ya ushirika huo kwa muda wa miaka 20, pamoja na waathiriwa zaidi ya 700. Mei 2022 ikatoka ripoti ya kampuni ya uchunguzi, Guidepost Solutions, iliyotakiwa na wajumbe wa makanisa hayo wenyewe. Ripoti ilionyesha kwamba ofisi kuu ilikuwa ikitunza kwa siri orodha ya walioshutumiwa, yenye majina mamia, huku kwa miaka mingi waathiriwa walioomba orodha ya wazi wakijibiwa kwamba haiwezekani, kwa sababu kila kanisa la mahali linajitawala. August Boto, mmoja wa viongozi wa juu wa ofisi hiyo, alikuwa ameandika katika barua pepe kwamba juhudi za kuwatetea waathiriwa ni hila ya kishetani ya kuwatoa kabisa katika uinjilisti. Ni sentensi ileile mliyosomewa Kadutu: ibilisi hatafutwi katika kitendo cha mwanamume, anatafutwa katika kinywa cha anayelalamika.

Na lile "kati ya" nalo lina historia. Mwaka 2019 Jennifer Lyell, mwanamke aliyekuwa na cheo kikubwa katika shirika la vitabu la ushirika huo, aliandika kwamba alinyanyaswa kingono na mwalimu wake wa chuo cha theolojia. Shirika la habari la kanisa, Baptist Press, lilipochapisha habari hiyo liliondoa neno unyanyasaji na kuandika kwamba anadai kuwa na uhusiano usiofaa kimaadili na mwalimu huyo. Badiliko hilo dogo lilimgeuza machoni pa wasomaji kuwa mzinzi, akatukanwa, na maisha yake ya kazi yakaharibika. Ofisi kuu ilikuja kumwomba radhi hadharani mwaka 2022. Alifariki mwaka 2025.

Hata makofi mliyoyasikia yaliwahi kusikika kwingine. Januari 2018, mjini Memphis, mchungaji Andy Savage alisimama mbele ya kanisa lake na kuungama "tukio la kingono" lililotokea Texas mwaka 1998, alipokuwa mchungaji wa vijana na msichana akiwa na miaka 17. Waumini walisimama, wakampigia makofi. Yule msichana, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima, alikuwa amekwisha kueleza hadharani kwamba alimwamini mchungaji huyo ampeleke nyumbani kwa gari, akampeleka mahali pasipo na watu. Hakuna aliyempigia makofi yeye. Miezi miwili baadaye Savage alijiuzulu, baada ya watu wengi nje ya kanisa kushtuka kwa kile ambacho waliokuwa ndani hawakukiona.

Sasa nije kwenye mstari mliofungiwa nao, maana najua huo ndio uliokufanya ujione mkosaji. "Msiwaguse masihi wangu" ni maneno ya Zaburi ya 105. Ukisoma mistari inayotangulia utaona kwamba hao masihi, yaani watiwa mafuta, ni Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wakitangatanga, na wanaokemewa ni wafalme: Mungu aliwakemea wafalme kwa ajili yao. Ni mahali gani Mungu alimkemea mfalme kwa ajili ya Abrahamu na kumwita nabii? Ni katika Mwanzo 20, pale Abimeleki alipomtwaa Sara nyumbani mwake, na Mungu akamtokea usiku katika ndoto, akamwamuru amrudishe mwanamke huyo. Kwa hiyo mstari unaotumiwa leo kumfunga mdomo binti umetoka katika habari ya mwanamke aliyetwaliwa na mwenye nguvu, na Mungu akamzuia mwenye nguvu asimguse. Sijui namna nyingine ya kuusoma ambayo ni ya uaminifu. Ukipata nafasi, msomee mama wa binti huyo sura hiyo yote, kwa sauti, ninyi wawili.

Kuhusu la kufanya: binti apelekwe hospitali hata kama siku zimepita. Kama tukio ni la hivi karibuni, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na dawa ya kuzuia mimba ndani ya siku tano, kwa hiyo asisubiri mkesha wa maombi uishe. Katika Hospitali ya Panzi, hapo Bukavu, hawatazami mwili peke yake. Wapo pia washauri wa moyo na watu wa kumsaidia katika njia ya sheria. Najua kwamba tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, wengi hawajui tena ni mlango gani wa haki wa kubisha. Cheti cha daktari, hata hivyo, kinaweza kuandikwa leo na kutunzwa.

Swali la pili, kutoka Ibanda

Mimi ni mzee wa kanisa, na ninaandika kwa nia njema. Mtume Paulo anatukataza kupelekana mahakamani mbele ya wasioamini, tena anasema shutuma juu ya mzee isipokelewe bila mashahidi wawili au watatu. Hamu alilaaniwa ukoo wake kwa kuutangaza uchi wa baba yake. Vilevile kuna watu wanaowasingizia watumishi ili wapate pesa. Kanisa likipata shutuma kama hizi, liseme nini bila kuwahukumu watu kabla ya wakati?

Jibu

Papa mzee, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kutangaza. Wengi huuliza baadaye.

Katika 1 Wakorintho 6 Paulo anazungumzia ndugu wanaodhulumiana mali, ndiyo maana anawauliza kwa nini wasikubali kunyang'anywa. Mtu mzima anaweza kusamehe fedha zake. Wewe huwezi kusamehe mwili wa mtoto wa mwenzako kwa niaba yake, wala Paulo hakukupa ruhusa hiyo. Huyohuyo, katika Warumi 13, anasema mwenye mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa kumwadhibu atendaye mabaya.

Kuhusu mashahidi, endelea na mstari unaofuata katika 1 Timotheo 5: wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Nimesikia mstari wa 19 mara nyingi katika makanisa yetu, na wa 20 mara chache mno. Tena Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 22, inataja msichana aliyekamatwa shambani, akapiga kelele, pasiwe na mtu wa kumwokoa. Hakukuwa na shahidi wa pili, na sheria haikumdai. Inasema msichana hana kosa, na kulifananisha jambo hilo na mtu kumwinukia mwenziwe na kumwua. Mbakaji huchagua mahali pasipo na shahidi. Ukidai mashahidi wawili unampa ulinzi alioupanga mwenyewe.

Kuhusu Hamu, baba yake, Nuhu, alilewa hemani mwake mwenyewe, akalala uchi, na hakumwumiza mtu. Wanawe walimfunika nguo. Aliyemvua mtoto nguo hana uchi wa kufunikwa. Ni mtoto ndiye aliyeachwa uchi.

Papa, hapa lazima niseme jambo linalouma. Mji wetu unajulikana duniani kwa sababu ya wanawake waliobakwa na watu wenye silaha, na kwa sababu ya hospitali iliyowapokea. Panzi ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste, chini ya kanisa la Kipentekoste, CEPAC. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Makanisa yetu hayakosi maneno mbakaji anapotoka msituni. Tunasema alibaka, tunasema ni uhalifu, tunadai mahakama, na hakuna mchungaji anayemwambia mama wa Walungu au wa Kalehe kwamba alianguka pamoja na yule mwenye bunduki. Maneno sahihi tunayo, basi. Tunayajua tangu miaka mingi, na tunayaweka kando pale tu mshutumiwa anapokuwa ameshika Biblia.

Sheria ya Kongo pia iko wazi. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inawataja viongozi wa dini waliotumia vibaya cheo chao miongoni mwa wale ambao kiwango cha chini cha adhabu yao kinaongezwa mara mbili. Sheria namba 06/019 ya siku hiyohiyo inasema kwamba mashtaka ya ukatili wa kingono hayawezi kuzimwa kwa kulipa faini. Basi ile bahasha, au yale mbuzi yanayopelekwa kwa wazazi ili jambo liishe kinyumbani, havimalizi kitu. Na mtoto aliye chini ya miaka 18, hata akiambiwa kwamba alikubali, hawezi kuukubali ubakaji: Sheria ya Ulinzi wa Mtoto ya mwaka 2009 inahesabu tendo lenyewe kuwa ubakaji.

Unaniuliza kuhusu wanaosingizia. Wapo, na mtu aliyesingiziwa anastahili kusafishwa. Lakini atasafishwa na nani? Wazee wanaokula naye meza moja wakisema "tumechunguza, hana kosa", nani mjini atawaamini? Uchunguzi wa watu wa nje unamlinda msichana, na kama mchungaji hana hatia, ndio pekee unaoweza kumrudishia jina lake. Naomba pia msiite uchunguzi kikao cha kuwaweka binti na mshutumiwa uso kwa uso ofisini, wazee saba wakiwazunguka. Mtoto gani ataongea hapo?

Na msimhamishe. Najua namna inavyofanywa: ndugu anatumwa kufungua tawi mahali pengine, tena kwa maombi ya kumbariki. John Smyth, mwanasheria Mwingereza aliyeongoza kambi za vijana wa kiinjili, aliwapiga wavulana kwa fimbo mpaka damu ikatoka, na wakubwa wa mtandao wake walilijua jambo hilo kwa ripoti ya siri tangu mwaka 1982. Walinyamaza wakiogopa kwamba kazi ya Mungu ingepata hasara. Mwaka 1984 alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, akawapiga watoto wa huko pia, na mwaka 1992 mvulana wa miaka 16 alikufa katika kambi yake. Baadaye alihamia Afrika Kusini, akafa mwaka 2018 bila kuhukumiwa. Ripoti kamili ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, kiongozi wa kanisa la Kianglikana la Uingereza, alijiuzulu. Watoto wa Afrika ndio waliolipa gharama ya heshima ya kanisa la Uingereza, na sisi tunaosoma habari hii kutoka Bukavu tunapaswa kuikumbuka kila tunaposaini barua ya uhamisho.

Uliomba maneno. Mimi ningeandika hivi: "Tarehe fulani uongozi ulipokea shutuma kwamba kiongozi wetu wa vijana alimbaka mtoto wa miaka 16. Siku hiyohiyo tulimsimamisha katika kazi zote za kanisa, na shutuma imepelekwa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Kusimamishwa huku si hukumu. Hatutafanya uchunguzi wetu wenyewe wala hatutaombea jambo hili liishe kimya. Yeyote mwenye la kusema aende kwa wenye mamlaka au kwa daktari, bila kupitia kwetu. Tunawakataza waumini kutafuta au kulitaja jina la mtoto. Tulimpa mtu huyu funguo za chumba cha mazoezi bila kuweka mtu mzima mwingine, na kwa hilo tunawaomba radhi wazazi." Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na wazee wenzako watataka kuifuta. Ikifutwa, tangazo litarudi kuwa lile la Kadutu.

Swali la tatu, kutoka Bagira

Nina miaka 19. Aliyenitendea ni mchungaji msaidizi, na sasa amerudishwa kazini. Mama Pasta amenijia mara mbili. Anataka Jumapili ijayo nisimame mbele ya kanisa niseme nimemsamehe, ndipo uponyaji wangu ukamilike. Anasema nikikataa, uchungu huo utakuwa dhambi yangu. Nifanye nini?

Jibu

Dada yetu, usisimame.

Kusamehe, kama kutakuja, kutakuja kwa siku yake, kati yako na Mungu, bila kipaza sauti. Wanachokuomba ni kitu kingine: wanataka sauti yako imalizie kazi ambayo sauti yao imeshindwa kuimaliza, ili kesho mtu akiuliza waseme hata mwenyewe alisamehe. Aliyetendewa hadaiwi chochote na kanisa. Hata ukisamehe kwa moyo wote, kesi inaweza kuendelea, na yeye anaweza kubaki nje ya mimbari maisha yake yote. Msamaha haumrudishii mtu funguo.

Mama Pasta akija mara ya tatu, si lazima umjibu kwa Maandiko. Mwambie tu: "Mama, sitasema." Mwombe mtu unayemwamini, dada yako au shangazi, awe ameketi nawe siku hiyo, ili usiwe peke yako mbele yake. Na Jumapili hiyo una haki ya kubaki nyumbani, au kwenda kusali kwingine, ukae kiti cha nyuma, usiimbe kama huna nguvu ya kuimba.